Krediti za Chuo Kikuu Kabla ya Kumaliza Sekondari

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Mei, katika shule nyingi za sekondari za Marekani hufanyika mitihani ambayo mgeni hushangaa kuikuta mahali hapo. Vijana wa umri wa miaka 16 hadi 18, ambao bado hawajapata cheti cha sekondari, huulizwa maswali ya hisabati, fizikia, biolojia, uchumi au historia yaliyopimwa kwa kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Anayefaulu vema aweza kuingia chuoni akiwa na sehemu ya shahada yake mkononi. Wako na wengine wasiofanya mitihani hiyo, bali huandikishwa chuoni wakiwa bado wanafunzi wa sekondari, wakasikiliza mihadhara ileile na kutoa kazi zilezile kama wanachuo. Wote hao husemwa kwamba wanajipatia krediti za chuo kabla ya kuhitimu sekondari.

Faida yake kwa mzazi ni dhahiri. Karo ya vyuo vya Marekani ni kubwa, na kila somo lililokwisha kuhesabiwa kabla ya kuingia chuoni ni somo lisilolipiwa tena. Kwa kijana wa nyumba maskini, muhula mmoja uliopunguzwa waweza kuwa tofauti baina ya kumaliza shahada na kuiachia njiani. Hata hivyo ndani ya jambo hili mna tatizo gumu, nalo ni la kuaminiana. Chuo kitajuaje ya kuwa kijana ambaye hakikumfundisha, katika darasa ambalo hakijapata kuliona, anayajua kweli yale ambayo chenyewe kingemfundisha? Mipango yote iliyobuniwa kwa ajili ya vijana hawa inatofautiana hasa kwa namna inavyolijibu swali hilo.

KIPIMO KILICHOZALIWA NA PENSHENI

Neno krediti hapa halihusiani na mkopo wa benki. Ni kipimo cha kazi ya masomo, kama kilo ilivyo kipimo cha uzito; tofauti ni kwamba kilo haibadiliki mtu avukapo mpaka wa nchi. Asili yake ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1905 Andrew Carnegie, aliyetajirika kwa viwanda vya chuma cha pua, alitoa dola milioni 10 ili walimu wa vyuo wapate pensheni wanapostaafu. Wakfu uliosimamia fedha hizo ukakabiliwa na shida: katika Marekani ya wakati huo jina la chuo lilitumiwa ovyo, na baadhi ya vyuo havikuwa na tofauti kubwa na shule za sekondari. Ikaamuliwa kwamba chuo kinachostahili ni kile kinachomdai kila anayeingia awe na vipimo 14 vya masomo ya sekondari, na kipimo kimoja kikawekwa kuwa kiasi cha saa 120 za somo moja katika mwaka. Hakuna aliyelazimishwa, lakini ni chuo gani kingependa walimu wake wakose pensheni? Haukupita muda mrefu shule na vyuo vikawa vinahesabu masomo kwa saa. Mwaka 1910 mhandisi Morris Cooke, akivichunguza vyuo kama mtu achunguzavyo kiwanda, alipendekeza saa ya mwanafunzi iwe kipimo cha kazi ya vyuo vikuu.

Siku hizi somo la kawaida katika chuo cha Marekani huhesabiwa kuwa krediti 3. Maana yake ni kwamba mwanachuo huhudhuria darasani saa 3 kila wiki kwa wiki 15 hivi za muhula, na kwa kila saa ya darasani hutazamiwa kujisomea saa 2 nyingine. Hesabu yake ni nyepesi: saa 45 za darasani na saa 90 za kujisomea hufanya jumla ya saa 135 kwa somo zima, yaani saa 45 kwa krediti moja. Shahada ya kwanza kwa kawaida hudai krediti 120, au 30 kwa kila mmoja wa miaka minne. Katika utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu hudai krediti 360. Anayelinganisha 120 na 360 atadhani Mtanzania husoma mara tatu zaidi ya Mmarekani. Akibadilisha zote kuwa saa, ataona kwamba Mmarekani hutazamiwa kufanya kazi ya saa 1,350 kwa mwaka na Mtanzania saa 1,200. Tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona udhaifu wa kipimo hiki. Saa hueleza muda mtu aliokaa na somo, wala hazielezi alichokipata humo. Ndiyo sababu krediti pekee haitoshi, na lazima pawepo na mtu au mtihani wa kushuhudia.

MARUDIO YASIYO NA FAIDA

Mpango wa kwanza mkubwa ulianzia kwenye lalamiko la walimu. Mnamo mwaka 1951 shule tatu za sekondari zenye sifa kubwa, Andover, Exeter na Lawrenceville, zilikaa pamoja na vyuo vikuu vya Harvard, Princeton na Yale kuchunguza njia ambayo mwanafunzi mmoja hupita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Taarifa yao ya 1952 ilionyesha kwamba mwanafunzi hodari aliyefundishwa vizuri sekondari aghalabu alirudia chuoni mambo aliyokwisha kuyajua. Wakati huohuo chuo cha Kenyon katika jimbo la Ohio, chini ya mkuu wake Gordon Chalmers, kiliongoza kundi la vyuo vilivyokubali kueleza wazi somo la mwaka wa kwanza lina mambo gani, ili shule iweze kulifundisha. Fedha za kazi zote mbili zilitoka katika mfuko wa elimu ulioanzishwa na wakfu wa Ford.

Kutokana na juhudi hizo ulizaliwa mpango uitwao Advanced Placement, ambao kwa kifupi huitwa AP. Shirika la mitihani la College Board lilichukua usimamizi wake mwaka 1955, na mitihani ya Mei 1956 ilifanywa na wanafunzi 1,229 kutoka shule 104. Mwaka uliofuata Urusi ikarusha Sputnik, na hofu ya kuachwa nyuma kisayansi ikaifanya Marekani iupende kila mpango uliowasukuma vijana mbele katika hisabati na sayansi. Lakini kwa miaka mingi AP ilibaki kuwa mpango wa shule zilizojiweza. Siku hizi watahiniwa wake kila mwaka huzidi milioni 2, na shule zenyewe ni za kila namna.

Somo linalofaa kwa mfano ni kalkulasi, lile tawi la hisabati linaloshughulikia mwendo wa mabadiliko na ujumlisho wa vipande vidogo mno. AP ina mitihani miwili ya somo hilo. Ule uitwao AB hulingana kwa jumla na muhula mmoja wa chuo, na BC hulingana na mihula miwili. Kila mmoja una sehemu ya maswali ya kuchagua jibu na sehemu ya maswali ambayo mtahiniwa huandika hatua zake zote. Sehemu ya kwanza husahihishwa na mashine. Ya pili husahihishwa kila mwezi wa Juni na walimu wa sekondari pamoja na wahadhiri wa vyuo, wakifuata mwongozo mmoja, kila swali na wasahihishaji wake. Maksi za sehemu zote mbili hujumlishwa, kisha jumla hiyo hugeuzwa kuwa alama moja kutoka 1 hadi 5.

Hapo kwenye kugeuza ndipo penye ufundi. Nani aliyesema kwamba maksi kadhaa zistahili 5, na zikipungua moja ziwe 4? Njia iliyotumiwa kwa muda mrefu ilikuwa kuwapa maswali hayohayo wanachuo waliokuwa wakimalizia somo lilelile chuoni, kisha kulinganisha maksi zao na alama walizopewa na wahadhiri wao. Chukulia kwamba wanachuo waliopata A walipata wastani wa maksi 70 katika maswali hayo, na waliopata B wastani wa 55. Namba hizi ni za mfano tu, lakini zinaonyesha jinsi mpaka wa 5 unavyotafutwa karibu na maksi za wale wa A, na mpaka wa 4 karibu na za wale wa B. Kwa njia hiyo mtoto wa sekondari hapimwi kwa kulinganishwa na watoto wenzake. Hupimwa kwa kulinganishwa na mwanachuo. Ili mtihani wa mwaka huu usiwe mwepesi kuliko wa mwaka jana, baadhi ya maswali ya kuchagua jibu hurudiwa kwa siri mwaka hata mwaka. Kundi jipya likiyajibu hayo vizuri kuliko lililotangulia, basi kundi ndilo lililo bora. Likiyajibu sawa na lile la kwanza na bado jumla yake ikashuka, mtihani ndio uliozidi ugumu, na mipaka hurekebishwa.

Hata baada ya kazi yote hiyo, AP haitoi krediti. Hutoa alama tu, na kila chuo huamua chenyewe. Vingi hukubali 3, vingine hudai 4 au 5, na vichache havitoi kitu. Katika miaka ya 2020 njia ya kuweka mipaka imebadilishwa katika masomo kadhaa, na waliofaulu wakaongezeka. Si ajabu kwamba baadhi ya wahadhiri wameanza kuuliza kama 4 ya leo ni 4 ya zamani.

DARASA LA GARFIELD

Mwaka 1982 swali la kuaminiana lilitokeza mbele ya taifa zima. Katika mashariki ya Los Angeles ipo shule ya sekondari ya Garfield, ambayo wanafunzi wake wengi walikuwa wa asili ya Mexico na wa familia zenye kipato kidogo. Mwalimu Jaime Escalante, aliyezaliwa La Paz nchini Bolivia mwaka 1930 na kufundisha fizikia na hisabati huko kabla ya kuhamia Marekani, alijiunga na shule hiyo mwaka 1974. Ilimlazimu kwanza ajifunze Kiingereza na kusoma tena ili akubaliwe kufundisha. Katika miaka hiyo alipata kupiga deki mikahawani. Alipoanza kufundisha kalkulasi mwishoni mwa miaka ya 1970, darasa lake lilikuwa na wanafunzi wachache mno.

Mei 1982 wanafunzi wake 18 walifanya mtihani wa AP wa kalkulasi, na wote 18 wakafaulu. Wasimamizi wa mtihani walipokagua karatasi waliona kwamba baadhi ya makosa yalifanana kupita kiasi. Wanafunzi 14 wakaambiwa kwamba matokeo yao yana mashaka. Kati yao 12 walikubali kufanya mtihani mwingine mwezi wa Agosti, baada ya kujikumbusha kwa muda mfupi tu. Wote 12 walifaulu.

Kwa mwanafunzi wa sayansi, kisa hiki kina mafunzo mawili ya takwimu. Kipimo cha kufanana kwa makosa hutegemea dhana kwamba kila mtahiniwa hufikiri peke yake, ili kufanana kusikotokana na kuigana kuwe ni kwa nadra. Dhana hiyo hudhoofika katika darasa dogo lililofundishwa kwa miaka kadhaa na mwalimu mmoja, kwa njia zilezile za mkato. Wanaoongozwa na mtu mmoja hupotea pamoja. La pili ni kwamba mtihani wa Agosti haukujibu swali la kilichotokea Mei. Ulijibu swali jingine, ambalo kwa chuo ndilo lenye uzito: je, vijana hawa wanaijua kalkulasi? Jibu lilikuwa ndiyo. Wapo waliosema kwamba shule ya matajiri isingetiliwa shaka hata kidogo, na wapo waliosema kipimo hakimjui tajiri wala maskini. Hakuna upande uliokwisha kuushawishi mwingine.

Habari hiyo iliigizwa katika filamu ya Stand and Deliver mwaka 1988, nayo imewafanya watu wengi waamini kwamba mwalimu hodari aweza kuwatoa wanafunzi katika hesabu za sehemu hadi kalkulasi kwa mwaka mmoja. Sivyo ilivyokuwa. Escalante na wenzake walianza kwa kutengeneza masomo ya aljebra, jiometri na trigonometria katika madarasa ya chini, na wakati wa likizo wanafunzi walihudhuria masomo ya ziada katika chuo cha East Los Angeles. Matunda yalikuja polepole: mwaka 1987 waliofaulu mitihani ya kalkulasi shuleni hapo walizidi 80. Krediti iliyopatikana darasa la 12 ilikuwa imepandwa miaka mitatu au minne kabla yake, na sehemu hiyo ya habari haiigiziki vizuri.

JARIBIO LISILO NA KUNDI LA KULINGANISHA

Shaka haikuishia hapo. Mwaka 2013 chuo cha Dartmouth, katika jimbo la New Hampshire, kilitangaza kwamba watakaoingia kuanzia 2014 hawatapewa krediti kwa ajili ya AP. Mojawapo ya sababu zilizotajwa ni jaribio la idara yake ya saikolojia. Wanafunzi wapya zaidi ya 100 waliokuwa na alama 5 ya AP katika saikolojia walipewa mtihani uliofupishwa kutoka mtihani wa mwisho wa somo la utangulizi, na asilimia 90 wakashindwa.

Tarakimu hiyo inatisha, lakini mwalimu wa sayansi angewauliza wanafunzi wake ni kitu gani kinachokosekana. Vijana wale walikuwa wamefanya AP mwezi wa Mei, wakapumzika likizo nzima, kisha wakapewa mtihani wa mhadhiri ambaye hawakupata kumsikia. Ili kujua kama udhaifu ni wa AP, ingebidi wanachuo wa Dartmouth waliofaulu somo hilohilo wapewe mtihani uleule baada ya miezi ileile, bila ya kujiandaa. Pasipo kundi hilo la kulinganisha, haijulikani kama jaribio lilipima udhaifu wa AP au usahaulifu wa binadamu. Chuo kina haki ya kuamua kitakavyo kuhusu shahada zake. Ila jaribio hilo peke yake ni nguzo nyembamba kwa uamuzi mzito.

KUKETI PAMOJA NA WANACHUO

Njia ya pili huukwepa mtihani wa nje kabisa. Mwanafunzi huandikishwa sekondari na chuoni kwa wakati mmoja, na alama anayopewa ni ya chuo chenyewe. Mwaka 1985 Minnesota ilikuwa ya kwanza kuliwekea jambo hili sheria ya jimbo zima: wanafunzi wa darasa la 11 na la 12 waliruhusiwa kusoma chuoni kwa gharama ya serikali. Washington ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1990. Vyuo vilivyotumiwa zaidi ni vyuo vya jamii, yaani vyuo vya miaka miwili vyenye karo nafuu ambavyo karibu kila mji mkubwa unacho.

Pale ambapo chuo ki mbali, chuo huletwa shuleni. Chuo Kikuu cha Connecticut kilianza mwaka 1955, na cha Syracuse mwaka 1972, kuwaidhinisha walimu wa sekondari wafundishe masomo ya chuo katika madarasa yao wenyewe, kwa mtaala wa chuo, huku wahadhiri wakija kukagua. Mwalimu wa sekondari hupata heshima asiyoizoea, na pia kazi asiyolipwa vya kutosha. Katika mwaka wa masomo wa 2022 hadi 2023, wanafunzi wa sekondari waliosoma masomo ya chuo kwa njia hizi mbili walikaribia milioni 2.5.

Hata hivyo njia hii ina hatari zake. Anayeshindwa mtihani wa AP hupoteza ada yake, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 99, na kwa kawaida chuo hakihitaji kujua. Anayeshindwa somo la chuo akiwa na umri wa miaka 16 ameandikwa katika kumbukumbu za chuo, na alama hiyo humfuata hata atakapoomba nafasi kwingine. Tena, krediti za chuo kimoja si lazima zikubaliwe na kingine. Vyuo vya umma vya jimbo moja aghalabu hukubaliana. Akivuka jimbo, au akienda chuo cha binafsi, huenda akaambiwa kwamba krediti zake zimepokelewa lakini kama masomo ya hiari tu. Kijana aliyekusanya krediti 30 akitumaini kupunguza mwaka mzima anaweza kukuta kwamba shahada ya uhandisi bado inamdai miaka minne, kwa kuwa alizozikusanya hazimo katika orodha ya uhandisi. Washauri wazuri humwuliza mwanafunzi anakotaka kwenda kabla ya kumwandikisha. Si shule zote zenye washauri wazuri, na zilizowakosa ni zilezile za vijana wenye haja kubwa zaidi.

KURA KAMA KIFAA CHA UTAFITI

Njia ya tatu ni kuunda shule mpya iliyo sekondari na chuo kwa pamoja. Mwaka 1974 chuo cha jamii cha LaGuardia, mjini New York, kilifungua ndani ya majengo yake shule ya sekondari kwa vijana waliokuwa karibu kuacha masomo. Wazo lilikuwa kinyume cha mazoea: mwanafunzi dhaifu asishushwe, bali apandishwe na kuwekwa mahali anapotendewa kama mtu mzima. Kuanzia mwaka 2002, kwa msaada wa wakfu wa Gates na wengineo, shule za aina hiyo zilienea katika majimbo mengi, zikiwalenga hasa vijana ambao wazazi wao hawakufika chuoni. Lengo lilikuwa mwanafunzi amalize sekondari akiwa na krediti za miaka miwili, au hata na stashahada.

Je, zinafaa? Kuhesabu waliofaulu hakutoshi, kwa sababu anayeomba shule ngumu huenda tayari ana bidii kuliko wenzake, naye angefaulu popote. Lakini baadhi ya shule hizi zilipata waombaji wengi kuliko nafasi, zikapiga kura. Kura haijui nani ana bidii, nani ana wazazi wanaomhimiza. Walioshinda na walioshindwa kura walikuwa sawa kwa wastani siku ile ilipopigwa. Tofauti iliyojitokeza kati yao baadaye ina haki ya kuhesabiwa kuwa kazi ya shule. Watafiti wa taasisi ya American Institutes for Research waliwafuatilia waombaji wa shule 10 na kutoa taarifa mwaka 2013. Walioingia chuoni walikuwa asilimia 80 miongoni mwa walioshinda kura, na asilimia 71 miongoni mwa wengine. Waliokuwa wamekwisha kupata stashahada au shahada walikuwa asilimia 22 kwa 2.

Tofauti ya pili ni kubwa, lakini isomwe kwa uangalifu. Sehemu yake hutokana na kwamba walioshinda kura walianza mapema, kama mkimbiaji aliyetangulizwa mita 20. Hesabu ya asilimia 80 kwa 71, iliyo ndogo kwa sura, huenda ndiyo yenye maana zaidi, kwa kuwa inawahusu vijana ambao bila shule hizo wasingekanyaga chuoni.

MWAKA WA KWANZA UKO WAPI?

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanao mfano wao wa jambo hilihili, ingawa haukuitwa krediti. Mfumo uliorithiwa kutoka Uingereza uliweka kidato cha 5 na cha 6 kabla ya chuo kikuu, na shahada nyingi zikawa za miaka mitatu. Kenya ilipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, vidato hivyo viwili viliondolewa; mitihani ya mwisho ya kidato cha 6 ilifanywa mwaka 1989, na shahada za miaka mitatu zikaongezwa mwaka mmoja. Tanzania ilibaki na kidato cha 6. Yaani sehemu ya maarifa ambayo ng'ambo moja ya Namanga hufundishwa na mwalimu wa sekondari, ng'ambo ya pili ilikabidhiwa mhadhiri. Kalkulasi haikubadilika hata kidogo kwa kuvuka mpaka huo. Aliyebadilika ni anayelipa, na anayeaminiwa kusahihisha.

Mwanafunzi wa kidato cha 6 anayesoma Hisabati ya Juu hufundishwa kutafuta mwendo wa mabadiliko na ujumlisho wake, mambo yaleyale ambayo mtihani wa AB huyauliza. Vyuo vingi vya Marekani hutoa krediti kwa ufaulu mzuri wa mitihani ya kidato cha 6 ya Cambridge, na baadhi huvipa vyeti vya taifa vya Afrika Mashariki hadhi ya namna hiyo. Krediti hizo hazitolewi zenyewe: mwombaji hutakiwa azidai, tena mapema, kwa kawaida kabla ya kuchagua masomo ya muhula wa kwanza. Chuo huomba matokeo yaliyotumwa moja kwa moja na baraza la mitihani, na mara nyingi huomba pia muhtasari wa somo, maana profesa wa hisabati huko ng'ambo hana njia ya kujua kama Hisabati ya Juu ilifika kwenye ujumlisho au iliishia kwenye aljebra. Hukaa na muhtasari huo mkono mmoja na orodha ya mada za somo lake mkono wa pili, akapitia mada moja baada ya nyingine. Mwalimu aliyeuhifadhi muhtasari wa miaka ile mwanafunzi wake aliyosoma, si ule mpya uliokuja baadaye, amemrahisishia kazi.